Wilhelm Röntgen, Baba wa Eksirei

Mpenzi msomaji, hapa kwetu Kiogoro mtu akianguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika mguu, hubebwa mbio mpaka hospitali mjini Kisii. Jamaa zake wakifika kumwona, swali lao la kwanza ni kama amepigwa picha. Picha hiyo ni eksirei. Wengi tumeiona, ile karatasi nyeusi yenye mifupa meupe. Lakini ukiuliza ni nani aliyegundua miali hiyo, wengi watabaki kukuna kichwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu nikusimulie maisha ya Wilhelm Conrad Röntgen.

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji wa Lennep, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipokuwa na umri wa miaka 3, wazazi wake walihamia Apeldoorn, nchini Uholanzi.

Shuleni hakuwa mtu wa kushika namba moja kila mara. Alipokuwa akisoma mjini Utrecht, mwanafunzi mmoja alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Röntgen alipotakiwa kumtaja mchoraji, alikataa katakata. Basi akafukuzwa yeye! Wanafunzi wenzangu, hebu fikirini: kufukuzwa kwa kosa la mwingine, halafu ukose cheti cha kukuingiza chuo kikuu. Lakini penye nia pana njia. Alipata habari kwamba chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, kingeweza kumpokea bila cheti kile. Akaingia mwaka wa 1865, na kufikia mwaka wa 1869 alikuwa amepata shahada ya udaktari.

Hata hivyo, kukosa cheti kulimfuata kama kivuli. Chuo Kikuu cha Würzburg kilimnyima kazi ya kufundisha kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe Mungu si Athumani! Mwaka wa 1888 chuo hicho hicho kilimwita awe profesa wa fizikia, na mwaka wa 1894 akawa mkuu wake.

Ilikuwa jioni ya tarehe 8 Novemba 1895. Röntgen alikuwa peke yake katika maabara akipitisha umeme mkali ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa yenyewe alikuwa ameifunika kwa kadibodi nyeusi, na chumba kilikuwa giza totoro. Mara akaona kipande cha karatasi kilichopakwa kemikali kikimeremeta hatua chache kutoka hapo. Lo! Mwangaza ulitoka wapi? Kumbe kulikuwa na miali isiyoonekana iliyokuwa ikipenya kadibodi. Kwa vile hakujua ni miali gani, aliiita X, kama tunavyoita namba tusiyoijua katika hisabati.

Kwa wiki kadhaa alikula na kulala humo humo. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, Bertha, akampiga picha ya mkono. Ikatokea mifupa ya vidole na pete yake ya ndoa. Bertha alishtuka sana, akaona kama ameonyeshwa kifo chake mwenyewe. Siku sita baadaye Röntgen alitoa taarifa yake, na mwanzoni mwa mwaka wa 1896 habari zilikuwa zimeenea dunia nzima.

Pengine utauliza, kwani kuna ajabu gani? Msomaji, kabla ya hapo mwili wa mtu aliye hai ulikuwa kama nyumba isiyo na dirisha. Sisi Abagusii tunajulikana mbali kwa ababari wetu, wale wataalamu waliopasua kichwa na kukwangua mfupa ili kumponya mtu aliyeumizwa. Lakini kichwa kina jeraha linaloweza kuonekana na kupapaswa. Mgongo je? Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita ugwe laini wa neva unaoleta habari kutoka kwenye ubongo mpaka kwenye miguu. Uvimbe ukiota hapo, huwezi kuuona wala kuushika. Mgonjwa huumwa na mgongo, miguu ikafa ganzi, ikalegea, na mwishowe hata haja ndogo ikamshinda kuzuia.

Mwaka wa 1887 kapteni mmoja wa jeshi alikuwa na taabu hiyo huko London. Daktari William Gowers alimpima ngozi hatua kwa hatua, akiangalia ni wapi fahamu zinakoma, kisha akakisia mahali pa uvimbe. Victor Horsley akapasua. Alipofika pale, hakuna kitu! Ikabidi azidi kuondoa mfupa kuelekea juu mpaka akaupata. Kapteni alipona akatembea tena. Lakini je, ni wangapi wengine ambao makisio hayakuwafaa?

Miali ya Röntgen ilileta dirisha lililokosekana. Tatizo ni kwamba eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini ugwe wenyewe hauonekani, kwa sababu miali huupita kama jua linavyopita kwenye kioo. Basi wengine wakaendelea pale alipoachia. Karibu mwaka wa 1921, Mfaransa Jean-Athanase Sicard na msaidizi wake Jacques Forestier walianza kudunga mafuta yenye aidini mgongoni. Mafuta huteremka kandokando ya ugwe, na yakikwama, picha inaonyesha mahali pa uvimbe. Mwaka wa 1971 Mwingereza Godfrey Hounsfield alitumia miali hiyo hiyo pamoja na kompyuta kupiga picha za kichwa vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Siku hizi kuna mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na inauonyesha ugwe na uvimbe wake waziwazi bila kisu wala miali.

Röntgen mwenyewe hakutajirika. Alikataa kuchukua hataza, yaani haki ya kulipwa na kila anayetumia ugunduzi wake, kwa kuwa alitaka uwe wa watu wote. Mwaka wa 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na fedha zake akakipa Chuo Kikuu cha Würzburg. Bertha alifariki mwaka wa 1919. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza pesa za Ujerumani zilipoteza thamani, na akiba yake ikayeyuka. Alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, akazikwa Giessen.

Wenzangu, maisha haya yana funzo kwetu. Vijijini mwetu mtu akianza kulegea miguu, minong'ono huanza ati amerogwa, na hapa Gusii kuna wazee wasio na hatia waliochomwa moto kwa maneno kama hayo. Huku uvimbe, kama ndio chanzo, unazidi kuubana ugwe. Ukigunduliwa wakati mgonjwa bado anatembea, matumaini ni makubwa. Miguu ikishakufa kabisa, mara nyingi hairudi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona baba, mama au nyanya analalamika kwamba mgongo unamkosesha usingizi na miguu haina nguvu, mshike mkono umpeleke hospitali mapema. Röntgen alitupa dirisha bure. Yafaa sisi tuchungulie kabla ya kumnyoshea jirani kidole.