Kaisari Wilhelm II: mkono ulioumia siku ya kuzaliwa, na haki za wazazi wa leo

Wilhelm II, kaisari wa mwisho wa Ujerumani, aliishi miaka 82 na mkono wa kushoto usio na nguvu. Hakuumia vitani. Aliumia saa ileile ya kuzaliwa. Maisha yake yanawagusa wazazi wa Lubumbashi ambao mtoto wao anatoka materinite mkono mmoja umelegea.

Alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859. Mama yake, Victoria, binti wa malkia wa Uingereza, alikuwa na miaka 18. Mtoto alitanguliza matako. Barua ya kumwita munganga wa uzazi, Eduard Martin, ilichelewa, na alipofika hali ilikuwa mbaya. Alimvuta mtoto ili kumwokoa, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikaumia. Mtoto hakulia mara moja, kwa hiyo wote walihangaikia uhai wake. Mkono uliokufa nguvu ulitambuliwa siku chache baadaye.

Matibabu yaliyofuata yalikuwa mateso. Mkono uliwekwa ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa muda huohuo, ukapigwa umeme, na mkono mzima ukafungwa ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Haukupona. Ulibaki mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita 15 hivi. Mama yake alijilaumu, na familia ya kifalme ikachagua kuficha: katika picha, mkono huo unashika glavu au upanga.

Wilhelm alitawala kuanzia 1888. Wanahistoria wanabishana kama aibu ya mkono ndiyo iliyomfanya apende sana jeshi na sifa. Utawala wake ulifika mpaka kwetu: Agosti 1914 meli ya Wajerumani ilishambulia upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na Septemba 1916 askari wa Force Publique wakaingia Tabora. Novemba 1918 aliacha kiti, akakimbilia Uholanzi. Alifia Doorn tarehe 4 Juni 1941.

Swali la nani alikosea siku ile halikufika tribinali. Leo familia ya Haut-Katanga ina njia ambayo jumba la kifalme halikuitumia.

Jambo la kwanza ni matibabu. Watoto wengi wenye jeraha hili hupata nafuu, hasa wakipelekwa mapema kwa munganga na kufanyishwa mazoezi ya viungo. Mkono usiokunjika kwenye kiwiko baada ya miezi 3 unahitaji kuonwa na mtaalamu bila kungoja.

Kisha inakuja haki. Kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, kifungu cha 258, kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe, na cha 260 kinamhusu pia mwajiri. Sheria ya makosa ya jinai nayo inaadhibu kumjeruhi mtu kwa kutojihadhari. Wazazi ndio wanaodai kwa jina la mtoto wao.

Lakini si kila jeraha ni kosa la munganga au mkunga. Bega linaweza kukwama hata pale kazi imefanywa vizuri. Familia lazima ioneshe mambo 3: kosa, jeraha, na kwamba kosa ndilo lililoleta jeraha. Ndiyo maana karatasi za CPN, faili ya uzazi, risiti na cheti cha munganga zinapaswa kuombwa na kutunzwa tangu siku za kwanza. Asiye na uwezo wa kumlipa avoka anaweza kwenda kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya baro.

Mkono wa Wilhelm ulifichwa kwa glavu maisha yake yote. Mtoto wa Kenya au Katuba hana sababu ya kufichwa.