ASKOFU AZARIAH, MTOTO WA WAGEMA

Safari hii tunawaletea habari za mtumishi wa mbali kidogo, wa Bara Hindi. Wengi wetu hapa Kabungu tumewajua Wahindi kwa maduka ya Mpanda mjini tu, hata tukadhani kwamba Mhindi huzaliwa nyuma ya meza ya duka. Sivyo. Wale wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896, wengi wao walikuwa vibarua, na pamoja nao waashi, maseremala na wahunzi. Na huko kwao kazi za mikono hazikuwa jambo la mtu kuchagua. Mwana wa mfinyanzi alikuwa mfinyanzi, mwana wa dobi alikuwa dobi, na mwana wa mchuna ngozi alichuna ngozi. Kila kazi ilikuwa na jamaa zake waliooana wao kwa wao, na kila jamaa ilijua iko juu ya nani na chini ya nani.

Wale wa chini kabisa walihesabiwa kuwa najisi. Hawakuruhusiwa kuteka maji katika kisima cha kijiji wala kuingia hekaluni, na nyumba zao zilijengwa mbali na za wengine. Tusidhani walikuwa wachache. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, jamaa hizo zilizoandikwa na serikali zilikuwa na watu zaidi ya milioni 201, yaani karibu 17 katika kila watu 100 wa India. Hapo hatujataja makabila ya milimani na misituni, yaliyopita milioni 104, wala zile jamaa nyingine nyingi zinazoitwa na serikali jamii zilizo nyuma.

Katika mojawapo ya jamaa za namna hiyo alizaliwa Vedanayagam Samuel Azariah, tarehe 17 Agosti 1874, katika kijiji cha Vellalanvilai, wilaya ya Tinnevelly, kusini kabisa mwa India. Baba yake, Thomas Vedanayagam, alikuwa kasisi wa kijiji. Mama yake aliitwa Ellen. Walikaa miaka mingi wakingoja mtoto wa kiume, na walipompata wakampa jina la Samweli, kwa kumkumbuka Hana.

Watu wake waliitwa Wanadar, na kazi yao ya asili ilikuwa ugema. Walipanda mivumo, jamaa ya hii tunayoiona katika mbuga za Katavi, asubuhi na jioni, mti baada ya mti, wakikinga utomvu wake. Wanawake waliuchemsha wakapata sukari guru, na mwingine uliachwa ukachacha ukawa tembo. Ni kazi ngumu na ya hatari, kwa maana mti mmoja waweza kuwa mrefu kuliko mnara wa kanisa, na mgema hana kamba ya kumwokoa anapoteleza. Lakini kwa kazi hiyo walidharauliwa. Mahekalu makubwa yalifungwa kwao. Katika ufalme wa jirani wa Travancore wanawake wa Kinadar walikatazwa kujifunika kifua mbele ya watu wa tabaka la juu, na hata wale waliokuwa Wakristo walivuliwa nguo zao sokoni. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi mpaka mwaka 1859, mfalme aliporuhusu wajifunike.

Injili ilipofika, Wanadar wengi waliipokea, vijiji kwa vijiji. Shule zikajengwa, na vijana wakaacha kupanda miti. Azariah alisoma mpaka chuo cha Kikristo cha Madras, ila hakupata shahada, kwa sababu aliugua wakati wa mtihani. Mwaka 1895 akaingia kazi ya chama cha vijana Wakristo, YMCA, akazunguka nchi nzima ya kusini. Mwaka 1898 alimwoa Anbu Mariammal, msichana aliyesoma, ambaye baadaye alibeba sehemu kubwa ya kazi ya wanawake. Walijaliwa wana wanne na binti wawili.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tumchague mtu huyu. Mwaka 1902 alitembelea Jaffna, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka, akaona Wakristo Watamil wa huko wanatuma wahubiri wao wenyewe kwa gharama zao wenyewe. Alirudi nyumbani amechomwa moyo. Tinnevelly ilikuwa na maelfu ya Wakristo, nao walikuwa bado wakingoja fedha na watu kutoka Uingereza. Mwaka 1903 yeye na wenzake wakaanzisha Shirika la Kimisioni la Tinnevelly, lisilotegemea ng'ambo hata senti. Akina mama walipopika waliweka kando konzi moja ya mchele kwa ajili ya kazi hiyo. Shamba waliloliona ni Dornakal, katika nchi ya Nizam wa Hyderabad, mbali na kwao, penye lugha nyingine, Kitelugu. Kisha Azariah akafanya jambo ambalo wengi husema wengine walifanye: aliacha kazi yake nzuri, akapewa ukasisi mwaka 1909, akaenda mwenyewe. Alikuwa na miaka 35, akaanza kujifunza Kitelugu kama mtoto.

Mwaka uliofuata aliitwa Edinburgh, Uskoti, kwenye mkutano mkuu wa wamisionari wa dunia. Hapo, mbele ya wakubwa wa kimisioni, alisema waziwazi kwamba wamisionari wametoa mali zao na hata maisha yao, lakini urafiki bado. Kwamba Mhindi anaweza kufanya kazi na Mzungu miaka mingi asikaribishwe mezani pake. Akawaomba marafiki. Baadhi ya waliosikia walichukizwa. Sisi tunaona maneno hayo yalihitaji moyo mkubwa, maana waliokuwa wakisikiliza ndio waliokuwa na uwezo wa kumpandisha au kumwacha.

Walimpandisha. Tarehe 29 Desemba 1912, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Calcutta, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Dornakal, Mhindi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Kwa kulinganisha, Aberi Balya wa Uganda aliwekwa wakfu mwaka 1947, na Yohana Omari, askofu wetu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana hapa Tanganyika, mwaka 1955.

Waliomjia kwa wingi katika Dornakal walikuwa wa jamaa mbili, Wamala na Wamadiga, wote wakihesabiwa najisi. Wamala walilima mashamba ya wengine na kufuma nguo nzito. Wamadiga waliondoa ng'ombe waliokufa, wakachuna ngozi, wakazilainisha, wakashona viatu na ndoo za ngozi za kutekea maji ya kumwagilia mashamba, na kupiga ngoma kwenye sherehe na misiba ya wakubwa. Nyama ya kibudu ilikuwa sehemu ya ujira wao. Ajabu ni kwamba hata hawa wawili walidharauliana. Mmala hakuchota maji kisima kimoja na Mmadiga, wala hawakuoana. Tusiwashangae sana. Ndugu zetu waliokuja Katumba na Mishamo baada ya mwaka 1972 wanajua jinsi Watwa, wafinyanzi wa Burundi, walivyonunuliwa vyungu vyao na majirani ambao hawakukubali kula nao chungu kimoja.

Askofu na mkewe walizunguka kwa gari la ng'ombe, wakikaa chini ya miti katika vitongoji vya watu hawa. Yeye mjukuu wa wagema, ambao nao walikuwa wakiwaona wachuna ngozi kuwa wachafu, alikula kwao na kulala kwao. Ubatizo haukutolewa upesi. Kijiji kilifundishwa kwanza, kikawekewa mwalimu, na watu waliahidi kuacha kibudu, ulevi na ngoma za miungu. Ahadi hiyo ilikuwa na bei. Mmadiga aliyekataa kupiga ngoma kwenye sherehe alipoteza nafaka yake, na wenye mashamba waliwapiga wengine na kuwafukuza kazi. Azariah hakuwaficha jambo hilo. Alipowawekea mikono waliobatizwa alizoea kuwaambia waweke mkono juu ya kichwa chao wenyewe na kukiri kwamba ole wao wasipoihubiri Injili. Akataka pia kila kijiji kichangie mwalimu wake, ingawa kwa mtama. Juu ya utoaji aliandika hata kitabu. Kufika katikati ya miaka ya 1930 walimu wa vijiji walikuwa wamepita 2,000. Katika shule ya Dornakal wanafunzi walilima na kufanya kazi za mikono pamoja, asiwepo wa kusema kazi hii si ya watu wa kwetu.

Hatusemi alishinda yote. Wamala na Wamadiga walikutana kwenye meza ya Bwana, wakirudi nyumbani kila mmoja njia yake, na jambo hilo lilimsumbua mpaka uzee. Tena Gandhi, aliyewapenda sana watu hao wa chini, hakupendezwa na ubatizo wa vijiji vizima, akiona kwamba wanavutwa na faida za dunia. Azariah hakukubali. Aliona kwamba kusema hivyo ni kuwanyima maskini akili ya kuchagua.

Kanisa Kuu la Dornakal liliwekwa wakfu siku ya Epifania mwaka 1939. Lina kuba na minara kama msikiti, na nguzo kama za hekalu la Kihindu, ili wale waliofungiwa milango ya mahekalu waone kwamba na wao wana nyumba nzuri ya kwao. Aliaga dunia hapo Dornakal tarehe 1 Januari 1945. Umoja wa makanisa alioupigania tangu mwaka 1919 ulitimia tarehe 27 Septemba 1947, likazaliwa Kanisa la India Kusini.

Watoto wa Wamala na Wamadiga aliowabatiza walikutana na jambo lingine. Mwaka 1950 serikali ya India huru ilitoa amri juu ya jamaa zilizokuwa zikiitwa najisi, ili zitengewe nafasi za shule, kazi za serikali na ubunge. Amri ilikuwa kwa Wahindu. Masingasinga waliongezwa mwaka 1956, Wabudha mwaka 1990, Wakristo hawakuongezwa. Katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, ilipo Dornakal, jamaa za Wamala na Wamadiga na wenzao wametengewa nafasi 15 katika kila 100. Walio wa damu hiyohiyo waliobatizwa, pamoja na watoto wao, wamewekwa katika kundi la C la jamii zilizo nyuma, lenye nafasi 1 katika 100. Ndiyo maana wako wanaohudhuria ibada kila Jumapili na kujiita Samweli au Mariamu kanisani, na kwenye karatasi za serikali wanabaki na jina lile la kwanza.