Malkia Mary na Meli Iliyopewa Jina Lake

Mwalimu wetu wa Historia alipotuagiza muhula huu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wengi wa Kidato cha Nne waliwachagua majemadari na wavumbuzi. Mimi nilimchagua mwanamke ambaye hakupigana vita wala hakuvumbua kitu. Sababu yake ni picha niliyoiona katika kitabu cha maktaba: meli kubwa yenye dohani tatu, na mbele yake pameandikwa Queen Mary. Nikajiuliza, huyu Mary alikuwa nani hata chombo kikubwa namna hii kikapewa jina lake? Haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa tarehe 26 Mei, 1867, katika jumba la Kensington mjini London. Majina yake yalikuwa manane, lakini nyumbani aliitwa May, kwa kuwa alizaliwa mwezi huo. Baba yake, Duke wa Teck, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Württemberg huko Ujerumani, na mama yake alikuwa mjukuu wa Mfalme George III wa Uingereza. Msomaji asidhani kwamba mtoto wa ukoo kama huo hakuonja dhiki. Wazazi wake walitumia kuliko walivyopata, wadai wakawa wengi, hata mwaka 1883 wakalazimika kuhama na kwenda kukaa Florence, Italia, ambako gharama zilikuwa nafuu. Walirudi kwao mwaka 1885. Nadhani siku zile ndizo zilizomfundisha binti huyu mambo mawili: kutunza kila senti, na kunyamaza jambo linapomuuma.

Mwezi wa Desemba, 1891, aliposwa na Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria, ambaye siku moja angekuwa Mfalme. Wiki sita baadaye mchumba wake alishikwa na mafua makali yakageuka kuwa nimonia, akafa. May aliyekuwa akingojewa kwa harusi akaenda kwenye maziko. Mwaka 1893 mdogo wa marehemu, George, akamposa, na wakaoana tarehe 6 Julai mwaka huo. Sisi ambao baadhi ya makabila yetu yalikuwa na desturi ya kurithi wajane hatutashangaa sana, ingawa huyu alikuwa mchumba tu. Ndoa hiyo ilidumu zaidi ya miaka 42, na wawili hao walipendana kweli kweli.

Walipata watoto sita, wa kiume watano na wa kike mmoja. Hapa sitaficha lawama. Mary alimheshimu mumewe kama Mfalme kwanza na kama mume baadaye, na watoto walilelewa zaidi na walezi kuliko na mama yao. Kitinda mimba, John, alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Miaka yake ya mwisho alikaa mbali na ndugu zake, katika nyumba ya shamba huko Sandringham, na alifariki Januari, 1919, akiwa na umri wa miaka 13. Mimi ninayelala bwenini najua maana ya kungoja siku ya kurudi nyumbani. Lakini sisi tuna tarehe ya kufunga shule. Yule mtoto hakuwa nayo.

George alirithi kiti mwaka 1910, na mwaka 1911 wote wawili wakatawazwa, kisha wakasafiri hadi Delhi, Bara Hindi, kuonyeshwa kwa watu wa huko kama watawala wao. Vita Kuu ya Kwanza ilipotokea, Malkia alikwenda hospitali baada ya hospitali kuwaona majeruhi, na chakula cha jumbani kikapunguzwa kama cha raia. Vita vilipokwisha, Tanganyika ilitolewa mikononi mwa Wajerumani ikawekwa chini ya Uingereza. Kwa hiyo babu zetu nao walikuwa chini ya mume wa Malkia huyu, bila ya kuulizwa.

Sasa tuje kwenye meli. Mwezi wa Desemba, 1930, mafundi wa John Brown, katika mji wa Clydebank huko Uskochi, walianza kuiunda meli ya kuvuka Atlantiki. Haikuwa na jina, ila namba 534. Baada ya mwaka mmoja biashara ya dunia ilianguka, fedha zikakosekana, kazi ikasimama. Maelfu ya watu waliachishwa kazi, na mbavu zile za chuma zikakaa pale juu ya mji zikipata kutu kwa zaidi ya miaka miwili. Hata Aprili, 1934, serikali ilipokopesha fedha kwa sharti kwamba makampuni mawili, Cunard na White Star, yaungane, ndipo wafanyakazi walipoingia tena kiwandani wakitanguliwa na wapiga zumari. Subira yavuta heri.

Tarehe 26 Septemba, 1934, huku mvua ikinyesha, Malkia Mary alifika na mumewe, akaitaja meli kwa jina lake mwenyewe, nayo ikateremka majini. Urefu wake ni futi 1,019, na uzito wake ulihesabiwa kuwa zaidi ya tani 80,000. Mwaka 1938 ilivuka Atlantiki kwa muda usiofika siku nne, na kwa miaka 14 hakuna meli ya abiria iliyoishinda kwa mwendo.

Mwaka 1936 ulimletea Malkia mambo matatu. Januari, mumewe alifariki. Mei, meli yenye jina lake iliondoka Southampton kwa safari yake ya kwanza kwenda New York. Desemba, mwanawe mkubwa, Mfalme Edward VIII, aliacha kiti ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa amekwisha kuolewa mara mbili. Mary aliona kwamba mwanawe amekimbia kazi aliyozaliwa kuifanya. Hakuacha kumpenda, lakini hakukubali kumpokea mke huyo hata siku moja katika maisha yake. Mwanawe wa pili aliposhika kiti, mama huyu alihudhuria kutawazwa kwake mwaka 1937, ingawa desturi haikumtaka Malkia mjane kufika. Alitaka watu waone kwamba nyumba haijabomoka.

Vita vya pili vilipokuja, meli ilipakwa rangi ya kijivu ikawa ya kuchukua askari. Julai, 1943, ilibeba watu zaidi ya 16,000 katika safari moja. Malkia naye alihamishiwa shamba la Badminton, na huko, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alikata mitambaazi ukutani na kukusanya vyuma chakavu vya kusaidia vita.

Mwaka 1942 ulikuwa mbaya kwa wote wawili. Tarehe 25 Agosti mwanawe George alikufa ndege yake ilipoanguka Uskochi. Wiki tano baadaye, tarehe 2 Oktoba, kaskazini ya Ireland, meli ya Queen Mary iliigonga manowari Curacoa iliyokuwa ikiilinda, ikaikata vipande viwili. Nahodha alikuwa na amri asisimame kwa sababu yoyote, maana nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikiwinda, na ndani ya meli mlikuwa na maelfu ya askari. Basi ikapita, ikawaacha watu majini. Zaidi ya mabaharia 330 walikufa. Wapatao 100 waliokolewa na vyombo vingine. Baada ya vita, mahakama iliweka theluthi mbili za kosa juu ya manowari na theluthi moja juu ya meli.

Malkia aliishi kuona amani. Mwaka 1950 alitoa zulia kubwa alilolishona kwa mkono wake kwa miaka mingi, likauzwa ng'ambo ili kuisaidia nchi yake iliyolemewa na madeni. Binti wa wadaiwa hakusahau. Februari, 1952, mwanawe wa pili, Mfalme George VI, alifariki, na habari hiyo ikamfikia binti wa Mfalme, Elizabeth, akiwa safarini hapa Afrika Mashariki, nchini Kenya. Mary mwenyewe alifariki tarehe 24 Machi, 1953, kabla mjukuu wake huyo hajatawazwa. Alikuwa ameagiza kwamba akifa, siku ya kutawazwa isiahirishwe kwa ajili yake.

Rafiki yangu mmoja alisoma habari hizi kabla sijampelekea mhariri, akasema kwamba mwanamke huyu alikuwa wa chuma kama meli yake. Nimelifikiri sana neno hilo. Meli haina moyo, lakini mabaharia waliokuwa juu yake siku ile walikuwa nao. Waliwaona wenzao majini, wakapita, na naamini wengi wao hawakusahau mpaka kufa. Sisi hufundishwa kwamba atimizaye wajibu hulala usingizi mwema. Maisha ya Malkia Mary yamenionyesha kwamba si hivyo siku zote: mtu aweza kutimiza wajibu na bado akabaki na deni, kwa mtoto aliyekaa peke yake shambani, au kwa watu walioachwa baharini. Namheshimu kwa sababu hakukimbia. Lakini nikipata watoto wangu, napenda wanijue.

Meli iliacha safari mwaka 1967, nayo imefungwa gatini huko Long Beach, California, ambako wageni huilipia ili kuitembelea. Jina lingali mbele yake.