Sheikh Al-Amin na sheria iliyofika barazani

Kila mabishano ya Mahakama ya Kadhi yanapozuka, na tangu katiba ya 2010 nimeyasikia mengi, mimi humkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, aliwahi kutiwa gerezani na Seyyid Barghash kwa mambo ya madhehebu, akatoka baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Neno la mtawala ndilo lililomfunga, na kifo cha mtawala ndicho kilichomfungua. Al-Amin alifiwa na baba angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Unguja alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sayyid Abdallah Bakathir.

Waingereza nao walikuwa wameishika pwani kwa mkataba wa 1895 na Sultani wa Zanzibar. Kadhi aliachiwa kiti chake, lakini mamlaka yalizidi kupunguzwa mpaka akabaki na ndoa, talaka na mirathi. Hata hayo, mtu asiporidhika aliweza kukata rufani kwa jaji wa Kizungu!

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo ninapompendea Sheikh. Hakungoja kiti. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa kwa Kiswahili, na 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwasema watu kwa gharama za harusi na matanga, akawahimiza elimu, akawakanya kuwaiga Wazungu ovyo. Wako waliochukia, bila shaka. Nani hupenda kuambiwa harusi yake ni israfu?

Lakini fikiria ilivyokuwa. Sheria ilikuwa ndani ya vitabu vya Kiarabu, na wa kuvisoma ni wachache. Mjane mwenye watoto ana thumni yake katika mali ya mumewe. Asipoijua, ataidai vipi, na mashemeji wameshakaa kugawa shamba? Maandishi ya Kiswahili yakisomwa barazani, hata asiyejua kusoma husikia. Kwangu mimi kazi hiyo ilishinda hukumu nyingi, kwani hukumu humfikia aliyeshitaki tu.

Mwaka huohuo wa 1932 aliwekwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokaa nacho mpaka kufa kwake 1947. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, walikuja kukikalia kiti hichohicho.

Mwanawe Ali aliachwa na miaka 14. Baba alitaka aende Al-Azhar, Cairo, akasome sheria ya dini. Kijana akaishia Manchester, Columbia na Oxford, akawa yule Profesa Ali Mazrui tunayemjua sote.