Henry Ford: Mtoto wa mkulima aliyeshindwa na rangi

KATIKA barabara kuu ya lami inayotoka Mwanza kupitia Bunda hadi Musoma, si ajabu kukutana na gari lililovikwa stika kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. Gari lililokuwa jeupe limegeuka kuwa jeusi lisilong'aa, na lile la kusambaza bidhaa limekuwa tangazo linalotembea. Stika hizo za vinili, ambazo ni utando mwembamba wa plastiki wenye gundi, hufanya kazi mbili kwa pamoja. Hubadili sura ya gari, na hukinga rangi iliyo chini yake dhidi ya jua, vumbi na mikwaruzo midogo.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye gari ndilo mtaji wake, swali ni moja: je, fedha inayowekwa kwenye sura ya nje hurudi? Swali hilo si jipya. Takriban miaka 100 iliyopita lilimkabili mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa magari duniani, naye alilijibu vibaya kiasi cha kupokonywa uongozi wa soko. Mtu huyo ni Henry Ford, mtoto wa mkulima, na habari za maisha yake zinamgusa mkulima wa pamba wa Bunda kuliko anavyoweza kudhani.

Kutoka shambani hadi gereji

Ford alizaliwa Julai 30, 1863 katika shamba lililo karibu na mji wa Detroit, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyefanikiwa kwa kilimo. Kijana Henry hakupenda kazi za shamba. Aliona jasho linalomwagika ni jingi mno kuliko mavuno yanayopatikana, na akili yake ikawa kwenye vyuma. Mwaka 1876, mwaka aliofiwa na mama yake, aliona kwa mara ya kwanza injini ya mvuke ikijiendesha barabarani bila kuvutwa na farasi. Tangu siku hiyo hakuwaza kitu kingine.

Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 16, alikwenda Detroit kujifunza ufundi mitambo. Alimwoa Clara Bryant mwaka 1888, na mwaka 1891 akaajiriwa kama mhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison. Usiku, baada ya kazi, alijenga gari lake la kwanza katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Lilipokamilika Juni 1896, mlango wa kibanda ulikuwa mdogo, ikabidi abomoe sehemu ya ukuta ili litoke.

Biashara haikumwendea vizuri mwanzoni. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikufa. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kutoelewana na wenye mtaji. Kampuni ya tatu, Ford Motor Company, iliandikishwa Juni 16, 1903, na ndiyo iliyosimama.

Gari la mkulima

Oktoba 1908 Ford alitoa gari aina ya Model T. Lilikuwa refu kutoka ardhini, jepesi na rahisi kutengeneza, hivyo liliweza kupita kwenye barabara za matope za vijijini. Mkulima aliyefungua kitengenezaji chake shambani hakuhitaji fundi wa mjini kwa kila tatizo. Wengine waliinua gurudumu la nyuma, wakafunga mkanda na kuendesha msumeno au pampu ya maji. Mtu anayejua barabara za udongo za vijiji vya Butiama wakati wa masika ataelewa kwa nini gari la namna hiyo lilipendwa.

Mwaka 1913 Ford alianzisha kiwandani kwake Highland Park mfumo ambao gari lenyewe lilisogezwa kwenye mstari huku kila mfanyakazi akibaki mahali pake na kufanya kazi moja tu. Muda wa kuunganisha fremu ya gari na mitambo yake ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban saa moja na nusu. Januari 1914 alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya kazi ya saa 8, zaidi ya mara mbili ya ujira wa kawaida kiwandani hapo, ingawa aliambatanisha masharti ya kuchunguza maisha ya wafanyakazi majumbani mwao. Bei ya gari, iliyokuwa dola 850 mwaka 1908, ilishuka hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920.

Kwa nini meusi matupu

Katika miaka ya mwanzo Model T ilipatikana kwa rangi kadhaa, zikiwamo kijani, nyekundu na kijivu. Kuanzia 1914 hadi 1925 ilitoka kwa rangi moja tu, nyeusi. Sababu ilikuwa ya kiuchumi. Rangi hiyo nyeusi ilichanganywa na lami, ikapakwa na kuokwa kwenye tanuri. Ilikuwa ya bei nafuu na ilivumilia jua na mvua. Aidha, kuwa na rangi moja kulirahisisha ununuzi, uhifadhi na kazi nzima ya kiwandani.

Kwa viwanda vingine, rangi nzuri ilikuwa mzigo. Vanishi za wakati huo zilipakwa tabaka baada ya tabaka, na gari moja liliweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kukauka na kung'aa. Kwa hiyo Ford alikuwa sahihi kwa wakati wake: rangi ni kinga ya bati, na kinga ikitosha, fedha iliyobaki irudishwe kwa mnunuzi kupitia bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 takriban nusu ya magari yote yaliyouzwa Marekani yalikuwa yake.

Pamba inabadili soko

Kosa la Ford lilikuwa kudhani kwamba hesabu hiyo haitabadilika. Kampuni ya kemikali ya DuPont ilikuwa na ujuzi wa kutengeneza baruti kwa kutumia pamba iliyotiwa tindikali. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ujuzi huo ulielekezwa kwenye rangi. Malighafi yake ilikuwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa, zile ambazo mkulima hazihesabu kabisa anapopeleka mzigo wake mizani.

Rangi hiyo, iliyoitwa Duco, ilikauka haraka sana kuliko vanishi na ilipatikana kwa rangi nyingi. Kampuni ya General Motors iliitumia kwenye magari yake ya Oakland ya mwaka 1924, yaliyopakwa bluu. Ghafla sura nzuri haikuwa ghali tena. Mnunuzi aliyekuwa tayari na gari la kwanza, na aliyeona magari yote yanatembea vizuri, sasa alitaka lile lenye kupendeza, naye yuko tayari kuongeza dola kadhaa.

Wasaidizi wake, akiwamo mwanawe Edsel, walimshauri abadilike, lakini alichelewa kuwasikiliza. Rangi nyingine zilirudi kwenye Model T kuanzia magari ya mwaka 1926, wakati wateja wameshahama. Mei 1927, baada ya kutengeneza zaidi ya magari milioni 15 ya aina hiyo, uzalishaji ulisimamishwa. Viwanda vilikaa miezi kadhaa bila kutoa gari jipya na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Mwaka huo Chevrolet, gari la General Motors, liliongoza kwa mauzo. Gari jipya la Ford, Model A, lilizinduliwa Desemba 1927 likiwa na rangi mbalimbali.

Soya kwenye rangi

Baada ya pigo hilo Ford aligeukia tena shamba alilolikimbia. Aliamini kwamba mkulima anaweza kuwa mteja wa kiwanda iwapo kiwanda nacho kitakuwa mteja wa mkulima. Mwaka 1929 alifungua maabara mjini Dearborn iliyochunguza mazao mbalimbali, na mapema miaka ya 1930 ikachagua soya. Mafuta yake yalitumika kutengeneza rangi ya magari, na mashudu yake kutengeneza plastiki ya vitu vidogo kama kitufe cha honi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, kila gari la Ford lilitumia soya ya takriban kilo 27.

Agosti 1941 alionyesha gari lililokuwa na mwili wa plastiki iliyotokana na mimea. Vita ya Pili ya Dunia ikaingilia kati, na gari hilo halikuingia sokoni.

Ford hakuwa mtu asiye na doa. Gazeti alilolimiliki lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi katika miaka ya 1920, hadi akalazimika kuomba radhi mwaka 1927. Alipinga vyama vya wafanyakazi kwa nguvu, na mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga viongozi wa chama nje ya kiwanda chake. Alikubali mkataba na chama hicho mwaka 1941 tu. Edsel alifariki mwaka 1943, naye Henry akafariki Aprili 7, 1947 akiwa na miaka 83. Nyumba aliyozaliwa imehifadhiwa katika makumbusho aliyoyaanzisha Dearborn, kama ambavyo Butiama inavyohifadhi kumbukumbu za Mwalimu Julius Nyerere.

Hesabu ya mwenye gari

Wakati Ford anahangaika na rangi, mwaka 1926 mkemia Waldo Semon wa kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich aligundua namna ya kulainisha vinili. Ndiyo asili ya stika za leo. Malighafi zake ni chumvi na mafuta au gesi ya ardhini, wala si pamba wala soya. Hivyo mkulima wa Mara hauzi chochote hapo. Yeye ni mnunuzi, na mnunuzi hana budi kupiga hesabu.

Kwanza, stika haitibu bati. Ikibandikwa juu ya kutu au rangi inayobanduka, kutu itaendelea chini kwa chini, na siku ya kuitoa itaondoka na rangi. Gari linyooshwe, lisuguliwe msasa na kupakwa rangi panapohitajika kabla ya kubandika.

Pili, Mara iko karibu na Ikweta na jua lake ni kali. Boneti na paa huchakaa kabla ya milango, hivyo gari linalolala na kushinda juani lisitarajiwe kudumu na stika kwa miaka inayotajwa na muuzaji. Gharama yote igawanywe kwa miezi ambayo stika itadumu kweli, kisha kiasi hicho kilinganishwe na faida ya mwezi. Gari la kukodisha kwa harusi au la kusambaza bidhaa za duka linaweza kurudisha fedha hiyo, kwa kuwa sura yake huleta wateja. Gari la kubeba magunia ya mihogo kutoka shambani huenda lisirudishe.

Tatu, kadi ya gari imeandikwa rangi yake. Anayebadili rangi ya gari zima anapaswa kuwasiliana na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe, vinginevyo atapata usumbufu barabarani na siku ya kuuza.

Ford alipata utajiri kwa kujali uimara na bei kabla ya urembo, na alipoteza soko kwa kudhani mteja hatadai urembo kamwe. Mfanyabiashara mdogo anahitaji mambo yote mawili, lakini kwa mpangilio uleule: injini, breki na matairi kwanza, bati lisilo na kutu linafuata, na stika iwe ya mwisho.