Roger Casement: yatima aliyewatetea Wakongo akificha siri yake

Wakaaji wengi wa Uvira wamesikia habari za mikono iliyokatwa wakati wa Mfalme Leopold wa Pili. Wachache wanajua maisha ya mtu ambaye ripoti yake iliutikisa utawala huo: Roger Casement, konsuli wa Uingereza katika Kongo.

Casement alizaliwa karibu na Dublin, Ireland, tarehe 1 Septemba 1864. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka 9, na baba yake mwaka 1877. Akalelewa huku na huko, mara kwa ndugu za baba, mara kwa dada ya mama yake mjini Liverpool. Akiwa na miaka 16 aliacha shule akawa karani wa kampuni ya meli. Kijana wa miaka kama 20, alifika Kongo.

Mwaka 1903 serikali yake ilimtuma kupanda mto Kongo. Aliwahoji wanakijiji walioteswa kwa ajili ya mpira. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hiyo.

Lakini Casement aliwapenda wanaume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza. Mwaka huo wa 1903, Jenerali Hector Macdonald alijiua Paris baada ya kushutumiwa kwa jambo hilo. Casement alihuzunika sana. Katika daftari lake aliandika kwamba watu wa namna hiyo wanahitaji tiba, si sheria ya adhabu. Hata yeye aliamini kwamba ni ugonjwa.

Baadaye alipigania uhuru wa Ireland, akaenda Ujerumani kutafuta msaada. Mwanzoni mwa 1916 alilemewa na msongo wa mawazo, akalazwa Munich. Mwezi wa Aprili alikamatwa, akahukumiwa kifo kwa uhaini. Wakuu wa Uingereza walionyesha kurasa za daftari zake kwa siri, ili waliomwombea msamaha wanyamaze. Alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916.

Leo tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba watu wazima wanaopenda jinsia yao, hasa walioteseka utotoni, hupatwa zaidi na huzuni kali na mawazo ya kujiua. Uvira, vita na mafuriko vimeacha yatima wengi mikononi mwa bibi na mashangazi. Mmoja wao akiwa na siri kama ya Casement, anahitaji mkubwa wa kumsikiliza bila kumfukuza nyumbani.