Morton, nahodha wa nyambizi aliyetenganisha jicho na hesabu

KATIKA Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nahodha wa nyambizi alihitaji kujua mambo matatu kabla ya kufyatua topido: adui yuko umbali gani, anaelekea wapi na anakwenda kwa kasi gani. Dudley Morton wa Marekani aliona kazi hiyo ni nzito mno kwa mtu mmoja.

Morton alizaliwa Kentucky mwaka wa 1907 na kuhitimu katika chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka wa 1930. Alipokabidhiwa nyambizi Wahoo mnamo Desemba 31, 1942, alivunja desturi. Darubini alimwachia msaidizi wake, Richard O'Kane, naye akabaki kuzipima takwimu kwa utulivu.

Umbali ulipatikana kwa kulinganisha kimo halisi cha mlingoti wa meli na jinsi ulivyoonekana darubinini. Vipimo viliporudiwa baada ya dakika chache, kasi nayo ilijulikana.

Mnamo Januari 24, 1943, huko Wewak, New Guinea, nafasi ya kurudia vipimo haikuwepo. Morton alikadiria kwamba manowari ya Kijapani, Harusame, ilikwenda maili 15 za baharini kwa saa. Topido tatu zikapita nyuma yake, kwani kasi yake ilikaribia maili 18. Kosa la maili tatu, kwa topido inayosafiri zaidi ya dakika moja, hufikia mita 100 na ushei, takriban urefu wa manowari yenyewe.

Harusame iligeuka na kuwajia moja kwa moja. Topido ya sita, iliyofyatuliwa umbali wa mita 730 hivi, ndiyo iliyoipiga.

Hata hivyo, sifa zake zina doa. Siku mbili baadaye aliamuru mashua za manusura wa meli Buyo Maru zimiminiwe risasi, na miongoni mwao walikuwemo mateka wa kivita wa Kihindi. Kitendo hicho kingali kinajadiliwa na wanahistoria.

Agosti mwaka huo, topido mbovu zilimwangusha mara kwa mara, hata hesabu ilipokuwa sahihi. Mnamo Oktoba 11, 1943, Wahoo ilizamishwa katika mlangobahari wa La Pérouse, wala hakunusurika mtu. Morton alikuwa na umri wa miaka 36. Mabaki ya nyambizi hiyo yalitambuliwa mwaka wa 2006.

O'Kane, aliyekuwa amehamishwa mapema, aliishi hadi mwaka wa 1994.